Digger: wombati, wino mweusi na mdomo usioogopa miungu (uzi mrefu, njoo na chako)

#1 Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna komiki ya njozi ya mtandaoni ambayo ukijaribu kumsimulia mtu kwa mdomo atakutazama mara mbili. Shujaa wake ni wombati, yule mnyama mfupi mnene wa Australia anayechimba mashimo, mwenye mfuko wa mtoto uliogeukia nyuma ili mama akichimba udongo usimwingie mtoto. (Ndiyo, ndiye yule anayekunya vipande vya pembe nne. Tucheke sasa, tuendelee.) Huyu wetu ni jike, anatembea kwa miguu miwili, ana sululu yake, na taaluma yake ni uhandisi wa mahandaki. Jina lake kamili ni refu, linamtaja kuwa mchimba mahandaki yaliyopindapinda bila ulazima wowote. Kwa kifupi anaitwa Digger, na ndilo jina la komiki.

Hadithi inaanzia chini ya ardhi. Digger anachimba, anakutana na hewa mbaya, kichwa kinamzunguka, anapoteza mwelekeo. Akiamua kutoboa kwenda juu anatokeza katikati ya sakafu ya hekalu, mbele ya sanamu ya Ganesh, yule mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, na sanamu inamsemesha. Njia aliyojia haipo tena. Kwao ni mbali mno. Anachotaka ni kurudi nyumbani, basi. Hana upanga, hana ufalme ulioporwa, na hana hamu hata kidogo ya kuokoa dunia ya watu asiowajua.

Mwandishi na mchoraji ni mmoja, Ursula Vernon wa Marekani, ambaye wengi siku hizi wanamsoma kwa jina la kalamu la T. Kingfisher. Komiki ilikamilika 2011, ikachapwa juzuu sita, ikatwaa tuzo ya Hugo (tuzo kubwa ya hadithi za njozi na za kisayansi) ya 2012 katika kundi la hadithi za picha, na 2013 ikachukua tuzo ya Mythopoeic ya fantasia ya watu wazima. Nazitaja tuzo ili mjue sijarogwa peke yangu.

Hoja yangu ni hii: kila kitu humu, kuanzia wino, fremu (vile visanduku vya michoro) mpaka maneno, kina tabia ya Digger mwenyewe. Ni kazi ya fundi. Hakuna kinachopambwa kabla hakijasimama. Ndiyo maana mambo ya ajabu yakija unayaamini.

Wino kwanza. Komiki nzima ni nyeusi na nyeupe. Ukiitazama harakaharaka utadhani imechongwa kwenye ubao ikagongwa chapa: nyeusi ni nyeusi kwelikweli, na nyeupe inachomoza kutoka ndani yake. Wachoraji mnaijua tofauti ya mikono hii miwili. Wengi tunaanza na karatasi nyeupe tukaongeza wino. Kurasa nyingi za Digger zinasomeka kinyume chake, giza lipo kwanza, halafu mwanga unakwanguliwa humo. Kwa hadithi inayoanzia handakini, huo si urembo. Handaki ni giza lenye vitu vichache vinavyoonekana: ukingo wa sikio, ncha ya pua, chuma cha sululu. Jicho lako linamalizia mengine, na likishamalizia limeshakubali kwamba mahali pale papo.

Sasa mdomo. Wombati wa Digger hawana muda na uchawi wala miungu. Si kwamba wanabisha kuwa vipo. Wanaviona ni vitu visivyo na adabu, vinavyovuruga kazi za watu. Kwa hiyo kila mtu wa njozi anayekuja na sauti nzito, awe mtabiri, kuhani au kivuli, anakutana na fundi anayeuliza maswali ya kifundi. Kwenda wapi? Kwa njia gani? Nani aliijenga? Hata kuapa kwake ni kwa mawe na mahandaki. Na sanamu ya Ganesh, ambayo ni ya upole na busara, anaongea nayo kwa heshima ya mtu aliyetoboa sakafu ya wenyewe. Lakini kupiga magoti, hapana.

Mwisho wake sitautaja. Karibuni.

#2 Siti ya Mbele

Nimewahi. Ngoja waje wajuvi wa michoro.

#3 Mzee wa Rangi

Kalamu Butu, uandishi wako mtamu, ila mimi hiyo komiki niliifungua nikaifunga. Nitasema kwa nini, msinipige mawe.

Fremu zake ni mistatili. Juu, katikati, chini. Mtu anaongea, mwingine anajibu, wanatembea, wanaongea tena. Mimi nikitaka njozi nataka ukurasa unikunje shati. Nenda katazame Kill Six Billion Demons, komiki nyingine ya mtandaoni iliyoanza 2013. Mhusika wake mkuu, Allison, anatupwa Throne, mji ulioko katikati ya malimwengu 777,777, na kuna kurasa pale zimejaa viumbe kiasi kwamba mhusika mkuu unamtafuta kwa macho. Minara, ngazi, umati, masanamu. Halafu chini ya kurasa mwandishi anaweka maandiko ya dini za ulimwengu uleule, yaani kuna kitabu kizima kinaishi chini ya komiki. Majina ya malaika yenyewe ni beti nzima. Huko ndiko kuvunja mazoea. Wewe unatuletea panya mnene mwenye sululu anayeuliza maswali ya ujenzi.

"Ni kazi ya fundi" ni utetezi mzuri, lakini uvivu nao huwa umenyooka.

#4 Kalamu Butu

Mzee wa Rangi, kwanza wombati si panya. Akikusikia atakujibu kwa sululu.

Hiyo uliyoitaja naipenda pia, ila kazi zake ni nyingine. Ile inataka ujione mdogo. Allison hajui yuko wapi, basi ukurasa unakumeza na wewe. Digger ni mtu mzima mwenye kazi yake. Akifika mahali pageni anapima. Anaangalia jiwe la ukuta, anaangalia dari itabeba au haitabeba, ndipo anauliza wenyeji ni nani. Fremu zilizonyooka ndizo macho ya mtu wa namna hiyo.

Unataka ushahidi? Nenda pale fisi wanaposimulia jinsi dunia ilivyoanza. Mkono wa mchoraji unabadilika wote. Unajikuta kwenye michoro inayofanana na ile ya mapangoni: miili ya fisi iliyorefushwa, imetazama upande, haina mwanga unaotoka mahali fulani, haina chumba nyuma yake. Hakuna sauti ya msimulizi inayokuambia "sasa tunaingia kwenye ngano". Umejua kwa jicho kabla ya kusoma neno. Kama komiki ingekuwa inarukaruka tangu ukurasa wa kwanza, badiliko hilo lingekupita kama fujo nyingine. Kwa sababu ilikuzoesha mistatili, siku mistatili inapoondoka unasimama.

Halafu kuna kimya. Watu hawakitaji wakisifu komiki kwa sababu hakipigiki picha. Mtu anamwambia Digger jambo la ajabu kabisa. Fremu inayofuata ni uso wa Digger, haujabadilika, hakuna neno. Ya tatu, anajibu. Kichekesho kiko katika ile ya katikati. Na ili ile ya katikati ifanye kazi, inabidi iwe na ukubwa ule ule wa jirani zake, kwa sababu kwenye komiki muda unapita katika ule uwazi kati ya fremu na fremu, na fremu zinazolingana ni ngoma isiyobadili mapigo. Mpigaji akiacha pigo moja, wote wanageuka. Ukurasa ambao kila fremu ina umbo lake hauwezi kuacha pigo, maana hakuna pigo lililokuwepo.

Kingine, hii ilitoka ukurasa kwa ukurasa. Msomaji wa enzi hizo alipata mmoja, akaondoka, akasubiri. Ukiisoma leo kwa mkupuo utaona karibu kila ukurasa una kitu kidogo pale chini: jibu la mkato, mlango unaofunguka, uso wa mtu aliyeelewa vibaya. Wengine wanasema hilo linaifanya isomeke kwa vipandevipande. Mimi naona ndilo lililomfundisha mwandishi asipoteze ukurasa.

#5 Fisi Mpole

Naomba niongelee fisi, naona mnawapita pembeni.

Fisi wa ngano tulizokua nazo ni mlafi na mjinga, sungura anamdanganya kila siku. Humu fisi ni watu wenye sheria, wawindaji, wana wazee wao na aibu zao. Majike ndio wenye kauli, na hilo si la kubuni: kwa fisi madoa halisi jike ni mkubwa kwa mwili kuliko dume na ndiye anayetawala kundi. Wanakula wafu wao, na ndani ya hadithi hiyo ni heshima, ndiyo mazishi yenyewe. Mwandishi hakuchukua fisi akamvika tabia za binadamu. Alichukua anachofanya fisi akauliza: viumbe hawa wangekuwa na dini, ingekuwaje?

Na ukitengwa na kabila, jina lako nalo limeliwa. Haupo.

Ndipo anapoingia Ed. Jina hilo kapewa na Digger, fupi, la kawaida, maana la kwake halipo tena. Sikilizeni anavyoongea. Ni mtu aliyeishi peke yake muda mrefu, sentensi zake zimekatikakatika, mpangilio wake umekwenda upande, lakini hasemi kijinga hata siku moja. Mwandishi dhaifu angeutumia usemi huo kutuchekesha tu. Ed anasema mambo mazito kuliko wote kwa maneno machache aliyobakiwa nayo. Ukishajua kwa nini alitengwa, rudi usome mazungumzo yake ya mwanzo. Utaona alikuwa anakwepa nini.

(Mzee wa Rangi, una bahati: Ed naye anamwita Digger kipanya. Tofauti ni kwamba yeye anamdekeza.)

#6 Wino na Maji

Mimi nachora kwa kazi, basi niongee ya jikoni.

Jambo ambalo mleta uzi hakuligusa ni viputo vya maneno. Kwenye komiki ya rangi, kiputo cheupe kinajikalia pembeni, hakimsumbui mtu. Kwenye ukurasa mweusi kiputo ndicho kitu kinachong'aa kuliko vyote. Jicho litakwenda pale kwanza, utake usitake. Kwa hiyo anayechora nyeusi na nyeupe hawezi kumaliza mchoro halafu akatafuta mahali pa kubandika maneno. Kiputo ni sehemu ya mwanga wa chumba. Akikiweka vibaya, mhusika aliyemhangaikia anazama gizani na msomaji hamwoni.

Digger ikiwa kwenye ubora wake, kiputo kinafanya kazi mbili. Kinasema, na kinalivuta jicho lipite juu ya kile unachotakiwa kukiona kabla hujafika kwenye jibu. Unasoma swali kushoto juu, unashuka kwenda kulia, njiani unavuka uso wa anayeulizwa, ndipo unafika kwenye jibu. Ule uso umeshakwambia kwamba jibu si kweli. Hakuna mshale, hakuna maelezo.

Ikiwa haiko kwenye ubora wake, nakubaliana na Mzee wa Rangi nusu. Kuna kurasa viputo vimebanana mpaka vichwa vya watu vinasukumwa chini. Mwandishi anapenda maneno yake, na mara chache anapenda kuliko ukurasa unavyoweza kubeba. Mkono wa mwanzo na mkono wa mwisho pia si mmoja, komiki za miaka mingi zote ziko hivyo, na mimi binafsi hilo ni sehemu ya raha: unamwona mtu akijifunza mbele yako.

Jaribio moja kwa wanaochora. Chukua ukurasa wowote wenye kundi la wahusika, uwafunike wote kwa weusi, macho na nguo visionekane. Digger ni kibonge cha pembe nne chini. Fisi ni mrefu, mgongo umeteremka kwenda nyuma. Murai, yule binti wa hekaluni ambaye akili yake ilipata ufa baada ya kukutana na mungu, ni mstari mwembamba uliosimama. Surka, kirukanjia aliyekuwa haramia, ni kitone chenye makelele. Bado unawajua wote. Bila rangi ya kukusaidia, mhusika asipojulikana kwa umbo lake umekwisha.

#7 Kioo Kimepasuka

Mnaongelea ukurasa wakati sisi wengine tunasoma kwa simu. Ukurasa wenye umbo la kitabu kwenye simu ni mateso: ukiuona wote herufi hazisomeki, ukikuza herufi ukurasa haupo tena. Yale mapigo ya ngoma ya mleta uzi kwangu mimi hayasikiki, naona fremu moja na nusu.

Tangu 2000 Scott McCloud, mchora komiki wa Marekani, alishasema skrini tuichukulie kama dirisha na si kama ukurasa, kwamba mtandaoni turubai halina mwisho. Wakorea Kusini wakaja na komiki za kushuka chini kwa kidole, na huko uwazi kati ya fremu unaweza kuwa mrefu mpaka ukaogopa. Kwa nini komiki inayozaliwa mtandaoni ijibane kwenye umbo la karatasi?

Angalieni Unsounded, njozi nyingine, ilianza 2010. Nayo ina kurasa za kawaida, lakini mambo yakichafuka mchoro unavunja mpaka na kumwagika kwenye tovuti yenyewe, pembeni na juu, mahali ambapo ulizoea kuwa ni mapambo tu. Ukikutana nayo mara ya kwanza unadhani simu imeharibika. Hiyo karatasi haiwezi. Mtu aliyefanya vile alijua yuko mtandaoni.

#8 Kalamu Butu

Kioo Kimepasuka, hapo kwenye simu sina la kubisha, tafuta skrini kubwa au vitabu vyenyewe. Lakini angalia ulichokisema kuhusu Unsounded: mpaka unavunjika *kwa sababu* kulikuwa na mpaka. Huko kwenye kushuka kwa kidole hakuna kinachoweza kumwagika nje, kwani nje iko wapi?

Wino na Maji, somo la viputo nimelipokea kwa mikono miwili. Na limenipa njia ya kufika nilikotaka kwenda, kwa Shadowchild.

Ni kiumbe kichanga cha giza, mweusi tii. Kwa mchoraji wa nyeusi na nyeupe huyo ni mtihani kabla hajawa mhusika: utachoraje giza lililosimama ndani ya giza? Humu anaonekana zaidi kwa macho, na kwa umbo lisilotaka kutulia. Wengine wote wana kingo. Digger ana kingo nyingi kuliko mtu yeyote. Yeye hana, na ukurasa unakuonyesha kwamba bado hajaamua awe nini.

Ndipo anafungua mdomo, na anachofanya ni kuuliza maswali. Ubaya ni nini? Nitajuaje kama mimi ni mbaya? Kipi kinaliwa, kipi hakiliwi, na kwa nini? Anauliza kama mtoto yeyote, ila huyu akikosea jibu watu watakufa. Na anayeulizwa ni mhandisi asiyependa mazungumzo ya aina hiyo, aliyepotea njia, mwenye njaa.

Hapo ndipo naiona komiki hii ni kubwa. Digger hana falsafa mfukoni. Anatoa jibu la kwanza linalomjia. Mtoto analipeleka kwenye mfano unaofuata, jibu linavuja. Digger analiziba. Mtoto anasogea hatua nyingine, linavuja upande wa pili. Digger anakasirika kidogo, anafikiri, anakubali kwamba hapa hajui, anarudi tena na kitu kigumu zaidi. Hakuna hotuba. Unaona maadili yakijengwa na mtu anayejaribu boriti kwa uzito kabla hajapita chini yake. Mwandishi angetaka kutuambia wema ni nini, kurasa hizo zingekuwa mahubiri. Yeye alitaka kuona kama Digger ataweza kulieleza, na mara nyingine hawezi.

Mweke huyo kando ya Kapteni Jhalm, mkuu wa wale walinzi wa hekalu waliofunika nyuso. Jhalm hapayuki, hatukani. Sentensi zake zimepangwa, kila moja inatoka kwenye ile iliyotangulia, na mwisho wake ni jambo la kutisha ambalo kwa kanuni zake ni sahihi kabisa. Yeye hajawahi kukutana na jibu linalovuja. Mimi huyo namwogopa kuliko kivuli. Na hakuna aliyelazimika kumchora na macho mekundu.

Na mtabiri wa msituni ni konokono asiye na gamba. Ndiyo, yule mtelezi. Nalitaja tu, sitalieleza.

#9 Siti ya Mbele

Konokono anatabiri? Haya, nimefungua.

#10 Mzee wa Rangi

Nimerudi. Niliambiwa nikae na kurasa za fisi nikakaa nazo.

Msimamo wangu haujahama sana. Bado naona mpangilio wake ni wa kuhifadhi nguvu, na bado naamini mchoraji mwenye fremu za ujasiri zaidi angetupa kimya kilekile kwa njia nyingine: fremu moja ndefu, uso mdogo pembeni, giza lote lililobaki. Kimya si mali ya mistatili. Wino na Maji anajua hilo.

Lakini mabadiliko ya mkono kwenye simulizi ya fisi, hapo mmenikamata. Nilidhani nimefungua komiki nyingine.

Swali langu ni moja. Mbona hakuna aliyesema kuhusu maboga? Nimefika kwenye maboga. Maboga yananyonya damu. Na Digger hashangai kwamba lipo boga la namna hiyo, anahangaika na namna ya kulizima. Nimecheka peke yangu.

#11 Kalamu Butu

Maboga nilikuachia uyakute mwenyewe.

Na hayakutoka hewani. Katika masimulizi ya Waroma wa nchi za Balkani kuna maboga na matikiti yanayogeuka kuwa wanyonya damu yakiachwa kukaa muda mrefu. Vernon alichofanya ni kuyachukua kwa uzito wake, akauliza mkulima angefanyaje shambani. Ni mtindo uleule aliowatendea fisi. Mtu mwingine angeweka joka. Joka kila msomaji ameshaambiwa aliogope. Boga inabidi ulichore *vizuri* ndipo mtu aliogope, na lile la kwenye wino mweusi, limekaa shambani usiku, haliko vibaya hata kidogo.

Kuhusu ile fremu ndefu yenye uso mdogo pembeni: sawa, ingewezekana. Ingekuwa nzuri. Ila ingenifanya nimtazame mchoraji, na pale mimi namtazama Digger. Hapo tunatofautiana na sidhani kama uzi huu utatupatanisha.

#12 Wino na Maji

Naingilia kidogo. Mzee wa Rangi yuko sahihi kwamba kimya si mali ya mistatili. Lakini kimya kinachochekesha na kimya kinachoogopesha havifanani. Fremu ndefu yenye uso mdogo inaogopesha, kwa sababu jicho linatembea gizani likitafuta kitu. Kile cha kuchekesha kinataka jicho lisitembee kabisa: uso uleule, mahali palepale, mara mbili. Vernon anataka ucheke kwanza. Akishataka uogope, nadhani mtakuta kurasa zinazoanza kufanana na unazozitaka. Kule chini ya mlima msiende mkiwa na haraka.

#13 Mama Wawili

Jamani wanyama wanaongea, konokono anatabiri, maboga yanauma. Nina mtoto wa miaka tisa anayependa kusoma. Nimpe?

#14 Fisi Mpole

Dada, subiri kwanza. Wanyama wake wasikudanganye. Kisa cha Ed kina ukatili wa ndani ya nyumba, na kuna mtoto ndani yake. Haujachorwa kwa kuonyeshwa damu, lakini umesemwa, na umesemwa kwa uzito. Kuna kifo cha kweli pia, mtu anakufa na anabaki amekufa. Isome wewe mwenyewe kwanza mpaka upite simulizi ya Ed, uone kama wako anaweza. Wa miaka kumi na tatu, kumi na minne, mimi ningempa bila wasiwasi.

#15 Kalamu Butu

Naunga mkono hapo. Na kwa wote wanaouliza waanzie wapi: anzieni ukurasa wa kwanza, gizani. Msiruke kwenda kwenye kurasa nzuri mlizotajiwa. Kurasa za fisi hazitawafanya chochote kama hamjakaa na mistatili kwanza.

#16 Siti ya Mbele

Nimefika kwa Jhalm. Mtu asiniambie kitu chochote kuhusu Jhalm.